Kitunga cha Mzungu

Siku tulipomaliza matanga ya mama, tulikaa uani kugawana vitu vyake. Mdogo wangu Neema akainua kitunga kutoka nyuma ya mlango wa jikoni, akauliza, "Na hii kitunga ya Muzungu, nani atakamata?"

Nilikuwa nimejizuia tangu asubuhi. Nilivumilia ubishi wa sufuria, nikavumilia ubishi wa vitenge, nikavumilia shemeji mmoja aliyetaka kupima shamba kwa hatua zake huku machozi yetu hayajakauka. Lakini neno hilo lilinipandisha hasira. Hakuna Mzungu aliyewahi kusuka kitunga kile. Kilisukwa na nyanya, mama yake mama, huko juu ya kilima chetu Masisi, na ukikitazama vizuri utaona mahali ambapo msuko umepinda kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kumwacha. Nikakipokea mikononi mwa Neema, nikakisogeza puani. Kilinuka moshi, maharage makavu, na kwa mbali sana jibini. Miaka yote hiyo nyumbani kwetu kimeitwa kitunga cha Mzungu, na wa kulaumiwa ni mimi. Harufu ile ilinirudisha kwenye umri wa miaka kumi na mmoja, na nilirudi huko nikiwa nimenuna, kama nilivyokuwa.

Nilikuwa katika kwaya ya watoto ya parokia. Tulikuwa tunaimba na kucheza ngoma za kwetu, na kulikuwa na parokia moja ya Ubelgiji yenye urafiki na yetu. Siku moja wakaandika kwamba wanataka kutuona. Tungekaa kwao wiki tatu, tuzunguke kuimba katika makanisa na mashule, na tungelala katika nyumba za watu, wawili wawili. Kiongozi wetu tulimwita Papa Dirigeant, kwa maana ndiye aliyeongoza nyimbo. Jina lake la ubatizo sisi watoto hatukulijua wala hatukuthubutu kuliuliza.

Mama alichukua siku nzima kujaza kitunga. Alichagua maharage moja moja, mekundu, ya njano na yenye madoa, akatupa kila lililokunjamana. Juu yake akaweka jibini mbili za mviringo, zile za ng'ombe wa vilima vyetu, akafunika na kitambaa cheupe. Mkono mtupu haulambwi, na mama hakutaka mtoto wake aingie nyumba ya watu na mikono inaning'inia.

"Utamupatia mama ya ile nyumba," akaniambia. "Umupatie na mikono mbili. Na kitunga irudi."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Kwetu jirani akikuletea viazi ndani ya sahani, sahani ile si yako, na hairudi bure. Utatia mayai mawili, utatia chumvi, ukikosa kabisa utatia hata mboga za majani. Anayekaa na chombo cha mwenzake hana adabu, na anayekirudisha kitupu ametukana. Mimi, mtoto wa kwanza, nilikuwa nimebeba sahani kati ya nyumba na nyumba tangu nijue kutembea, kwa hiyo kazi hiyo niliiona nyepesi.

Mwenzangu wa kulala naye alikuwa Furaha. Alitoka Ntoto, kule Walikale, akaja kusoma Masisi kwa shangazi yake. Watu wa kwao wanalima katikati ya msitu na baba yake alikuwa mwindaji. Furaha alileta asali ndani ya chupa ya bia, imezibwa na jani lililokunjwa. Alikuwa na sauti nzuri ya chini, alikoroma kama pikipiki inayopanda kilima, na hakuna jambo duniani lililomsumbua. Ukitaka kujua maana ya kuchoshwa na mtu, kaa wiki tatu na mtu asiyesumbuliwa na kitu.

Maharage na jibini vilifika salama, sijui kwa maombi ya nani. Mwenye nyumba yetu alikuwa Mama Odile, mama mfupi mwenye nywele nyeupe na miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Alipokea kitunga kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, haya, huyu ana adabu. Akafunua kitambaa, akashangilia, akamwita mume wake aje aone. Jibini waliila jioni ile ile na kuisifu. Asali ya Furaha waliipaka kwenye mkate. Lakini maharage aliyamimina ndani ya chupa kubwa ya kioo, akaiweka kwenye rafu sebuleni, karibu na saa.

Nilisubiri siku mbili nisikie harufu ya maharage yanachemka. Kumbe hayakuwekwa pale yasubiri sufuria. Yaliwekwa yatazamwe! Maharage ambayo mama aliyachagua moja moja yalikaa ndani ya kioo kama maua, na wageni walipokuja walionyeshwa.

Siku ya tatu mume wa Mama Odile alileta nyundo. Akapiga msumari ukutani, kati ya picha ya wajukuu na picha ya farasi, na pale wakatundika kitunga cha mama yangu. Wakarudi nyuma hatua mbili, wakakitazama huku wameshikana mikono.

Nilihisi joto limenipanda mpaka masikioni. Kwetu kitunga kinatundikwa ukutani wakati hakuna cha kutia ndani. Msimu wa njaa ukifika, ukiingia nyumba ya mtu na kukuta kitunga chake kiko juu, huombi kitu, unaongea habari za mvua na kuondoka. Kwa hiyo mimi nilielewa vizuri sana alichokuwa ananiambia Mama Odile. Alikuwa anasema, mwanangu, hatuna kitu cha kurudisha. Na nyumba ile ilikuwa na friji mbili, moja jikoni na nyingine kule wanakolaza gari.

"Angalia, ametundika," nikamwambia Furaha chumbani.

"Nimeona."

"Anasema hana kitu!"

"Hana kitu?" Furaha alikuwa anatafuna. "Asubui tumekula mikate aina tatu."

"Sasa juu ya nini ametundika?"

"Pengine anaona iko muzuri."

"Kitunga njo iko muzuri?" Nilikuwa sijawahi kusikia upuuzi wa namna ile. Ni sawa na kusema jembe ni zuri. "Na chupa yako je? Ameitupa!"

"Chupa ni chupa," akasema Furaha. "Kama unataka kitunga yako, si umuulize?"

Hapo ndipo penyewe. Papa Dirigeant alikuwa ametupa sheria moja kabla ya kuondoka, na kila asubuhi kwenye mazoezi alituimbisha kama sala: "Batoto, hatukukuja huku kuomba. Mutoto nitasikia ameomba kitu, hata kipande ya mukate, ataniona." Kuomba kitunga ilikuwa kuomba. Nilijaribu kumweleza kwamba mimi siombi, nadai cha kwetu. Aliniangalia juu ya miwani na kuniambia kudai ni kuomba kwa kiburi.

Basi nikatafuta njia za pembeni. Nilisimama chini ya kitunga na kukohoa. Nilikifuta vumbi kila asubuhi, nikikisogeza kidogo ili waone kwamba kinatoka kirahisi. Mama Odile akaniita mtoto mwenye bidii. Mwishoni, kwa Kifaransa changu cha shule, nilimwambia kwamba mama yangu ana kitunga kimoja tu. Niliona maneno yamemwingia. Macho yake yalijaa machozi, akanishika shavu. Nikajua kesho kitashuka.

Kesho yake alinipeleka dukani, akaninunulia koti. Lilikuwa jekundu, lenye kofia na vifungo vikubwa, na akaniongezea viatu. Furaha naye akapewa lake la buluu. Niliweka merci, yaani asante, mdomoni, lakini uso ulikataa. Vitu vyenyewe vilitiwa ndani ya mfuko wa plastiki wa dukani, na kitunga kilibaki kimetundikwa vile vile. Kwangu mimi koti lilikuwa jambo lake na kitunga jambo lake. Zawadi ya mtoto haijibu chombo cha mama.

Mara moja tu nilidhani mambo yamekwisha. Tulikuwa na ngoma ya mavuno, na siku ya onyesho kubwa Mama Odile mwenyewe alikishusha kitunga na kunipa nicheze nacho. Nilicheza siku ile! Nilikikumbatia, nikakiinua, nikakizungusha, watu wakapiga makofi wamesimama, na Papa Dirigeant akanionyesha kidole gumba, jambo ambalo hajalifanya tena maisha yake yote. Tulipomaliza, Mama Odile alikuja nyuma ya pazia, akanibusu mara tatu, akachukua kitunga taratibu kutoka mikononi mwangu, akaenda nacho. Tulipofika nyumbani alikirudisha kwenye msumari. Nililia bafuni huku nimefungulia maji, na Furaha akagonga mlango akiuliza kama ninakawia sana, maana anataka kukojoa.

Asubuhi ya kuondoka, Mama Odile alikuwa jikoni anatutengenezea mikate ya njiani. Mume wake alikuwa nje anapakia mizigo. Nilipanda juu ya kiti chao kirefu na viatu vyangu vipya, nikakitoa kitunga, nikakisukuma chini kabisa ya mfuko wa nguo za ngoma. Ukutani ulibaki msumari peke yake. Furaha alikuwa mlangoni na aliona kila kitu, akainua tu nyusi. Kwenye basi Mama Odile alinikumbatia akilia kwa sauti, na mimi nilikuwa nimekakamaa kama mti, nikiomba basi liondoke kabla hajarudi sebuleni. Nilimwacha bila kumuaga vizuri. Nilikuwa na hasira naye, na sasa nilikuwa na hofu pia.

Ndani ya ndege Furaha alitafuna mkate wake, kisha akasema, "Sasa iko bure."

"Nini?"

"Kitunga. Mama yako atauliza balitia nini. Utamuambia bure?"

Katika wiki tatu zote nilikuwa nimewaza kitunga kirudi, na nilikuwa nimesahau kwamba hakirudi kitupu. Tukaanza kukijaza. Tulikusanya vile vipakiti vya sukari vya ndege, vyetu na vya watoto waliolala. Hotelini tulipopumzika njiani tulichukua sabuni ndogo zote zilizokuwa bafuni. Kilipoonekana bado chepesi, Furaha alitoa chokoleti alizopewa na Mama Odile, zote, akazipanga juu. Sikumshukuru. Nilimwambia azipange vizuri.

Mama alikipokea kwa mikono miwili, kama alivyonifundisha. Alifunua kitambaa, akapiga vigelegele vilivyowatoa majirani majumbani. "Amenitumia! Musikie, muzungu amenitumia!" Akaniuliza, "Na salamu alisema nini?" Nikasema anakusalimia sana. Sukari iligawanywa pakiti moja moja kilima kizima, na sabuni zilikaa ndani ya sanduku la nguo ili zinukie. Nilianza kupumua. Ndipo mama alipokung'uta kitunga, akakiweka nyuma ya mlango na kusema, "Sasa zamu ni yetu."

Mungu wangu. Nilikuwa nimesahau hilo pia. Chombo kikirudi na kitu, kinatakiwa kwenda tena. Mavuno yalipofika, mama alichagua maharage moja moja, akajaza, akafunika, akaanza kutafuta mtu anayekwenda Ubelgiji. Alimuuliza padri. Alimuuliza katekista. Alimuuliza hata kijana wa pikipiki aliyekuwa hajawahi kufika mbali kuliko Kalembe. Mavuno mengine yakaja, akayatoa ya zamani tukayala, akatia mapya.

"Mama, nani anaendaka Ubelgiji?" nilikuwa namwambia, nimechoka.

"Muntu atatokea," alikuwa ananijibu.

Na kila mgeni alisimuliwa habari za yule mama wa Ulaya mwenye roho nzuri, huku nimekaa pale pale. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa inaongezeka kila msimu.

Kisha vita vikafika kwenye kilima chetu. Tulitoka asubuhi na tulichoweza kushika. Mama alimfunga Neema mgongoni, na kichwani akaweka kitunga cha Mzungu chenye maharage yake. Sufuria ilibaki. Baba aligeuka mara mbili kuitazama njia tuliyotoka, akisema sufuria, sufuria, na mama akazidi kukaza mwendo.

Tulifika Sake, tukakaa katika darasa la shule pamoja na familia nyingine. Unga tuliobeba ulikwisha. Mdogo wetu Baraka, wa miaka minne, alikuwa amevaa lile koti langu jekundu, mikono ya koti imekunjwa mara tatu. Alilia njaa asubuhi nzima. Mchana akanyamaza, akawa anatazama ubao tu, na ukimya wake ndio ulionitisha. Kitunga kilikuwa pembeni ya mama, kimefunikwa.

"Tupike hizi," baba akasema.

"Hizi ni za bantu."

"Mwenyewe haiko hapa!"

"Njo maana hatuwezi kuzigusa," mama akasema, "mwenyewe haiko hapa."

Nilisimama.

"Mama, ile kitunga niliitoa ku ukuta."

"Ukuta gani?"

"Ya Mama Odile. Hakunipatia. Niliiba."

Mama akavuta kitunga karibu yake. "Na sabuni?"

"Ya hoteli."

"Sukari?"

"Ya ku ndege."

"Na chokola?"

"Ya Furaha. Mama Odile alimupatia yeye."

"Na salamu?"

Mama akapiga kofi moja, mikono yake miwili tu. "Miaka mbili," akamwambia baba, "miaka mbili miye nasambaza salamu ya muntu hakunisalimia." Nilisubiri fimbo. Badala yake akamvuta Baraka, akashika kola ya koti.

"Na hii?"

"Ile alinunua."

"Weye uliomba?"

"Hapana."

"Na viatu ya siku ile?"

"Alinunua."

"Sasa weye, mutoto," akasema polepole, "ulitaka atie koti mu kitunga njo ujue amejibu? Koti yote hii, angeitia wapi?" Akaanza kucheka, na machozi yakamtoka hapo hapo, mpaka mama mmoja wa familia nyingine akaja kuuliza kama kuna mtu amekufa. Mimi nilikasirika upya. Nilikuwa nimebeba mzigo ule kwa miaka miwili, na hakuna hata mtu aliyetaka kunipiga.

"Kaazime sufuria," mama akaniambia. "Tupike."

"Si ulisema ni za bantu?" baba akauliza.

"Ni zake. Lakini naye ni mama. Batoto bakule, nitamuelezea."

Kabla hajamimina maharage, alichota gao moja la mkono akaliweka pembeni. Tulipokwisha kula, na Baraka amelala na tumbo limejaa, alifuta kitunga kwa kitambaa na kurudisha lile gao ndani.

"Zile zilikuwa za kujibu," akasema. "Hizi ni za kuomba musamaha. Na njo weye utazipeleka."

Hakuwahi kuligusia tena. Hakumwambia mtu. Wageni waliendelea kusikia habari za yule mama mwenye roho nzuri, na mama alizisimulia kwa ukali zaidi, akinikazia macho. Baba alikufa na siri hiyo. Baraka hakumbuki darasa lile, na Neema alikuwa mgongoni.

"Iko na maharage kidogo," Neema akasema pale uani, mkono wake ndani ya kitunga. "Nizitie mu sufuria?"

Nikatazama. Lilikuwa gao moja, mekundu, ya njano na yenye madoa, yanang'aa. Yalikuwa ya msimu huu. Msimu huu mama hakuweza hata kukaa kitandani bila kushikwa. Alimwomba nani amletee maharage, na aliyachagua saa ngapi na macho yale yasiyoona vizuri tena, sijui.

"Ziache," nikasema.

"Juu ya nini? Ya nani?"

Baraka, ambaye sasa ana ndevu, akainua kichwa. Wote wakanitazama. "Kitunga nitakamata miye," nikasema. "Miye njo niliiba." Wakacheka, kisha waliponiona wakaacha, na nikawasimulia yote.

Sasa kitunga kiko nyuma ya mlango wangu. Nimeandika barua kwenye ile parokia, na sijajibiwa. Nimeuliza padri, nimeuliza katekista, na juzi nilimsimamisha mwendesha pikipiki ambaye hakunielewa kabisa. Mtoto wangu wa kwanza amechoka nami.

"Mama," ananiambia, "nani anaendaka Ubelgiji?"

"Muntu atatokea," namjibu.